Shofaji kwenye Mlima wa Fizi

Wakati wa vita niliendesha gari la abiria kati ya miji ya Baraka na Fizi, shofaji, yaani kipasha joto cha gari, ikipuliza moto ndani hata jua linapochoma. Abiria walinitukana kila safari. Nilichoka kuwaeleza kwamba shofaji inaipunguzia injini joto mlimani, na kwamba ndiyo iliyokuwa kipimo changu, maana mshale wa joto la injini ulikuwa umekufa zamani.

Siku moja tulikuwa tunakimbia risasi za Baraka. Katikati ya mlima, shofaji ikaanza kupuliza baridi. Mama mmoja aliyempakata mtoto nyuma yangu akapiga makofi.

"Aksanti Mungu! Sasa tunapumua!"

"Mama, nyamaza!" nilifoka, nikazima injini. Shofaji ikipuliza baridi huku injini inachemka, ujue maji yamekwisha.

Mpira unaopeleka maji kwenye shofaji ulikuwa umepasuka. Niliufunga kwa ukanda niliokata kwenye tyubu kuukuu, tukangoja injini ipoe huku nikimweleza yule mama maana ya ile baridi. Bidoni yangu, dumu la maji ya injini, ilikuwa tupu. Katika kukimbia nilisahau kuijaza, na sikuwa na nguvu hata ya kujilaani. Yule mama akashuka na bidoni yake ndogo, maji ya kunywa ya mtoto.

"Kamata, papa."

Nilimimina yote kwenye rejeta. Injini ikawaka, na muda si mrefu shofaji ikarudia kupuliza moto. Nilimtazama kwenye kioo: jasho lilimtiririka, mtoto analia kwa kiu.

"Iko moto, papa," akasema. "Aksanti Mungu."