Kadi Moja Haikuanguka

Wewe uliyesoma, ni lini mara ya mwisho ulimtazama mtu usoni kabla ya kuandika jina lake? Mimi nilisoma hadi koleji, na mwaka 1968 nilirudi kwetu Masisi nikiamini kwamba ujinga ndio adui pekee tuliyebaki naye.

Papa Straton alikuwa infirmie, yaani muuguzi, wa dispensari yetu, karibu na Lushebere. Kwa miaka ishirini na miwili alizunguka vilima kwa miguu, mara nyingine hadi Mpofi, chanjo mgongoni. Wagonjwa wake aliwajua kwa vikohozi vyao. Kadi zao alizipanga katika sanduku la sabuni. Mtu akifa, alikata pembe ya kadi yake kwa mkasi, akaiweka peke yake. Niliziona kadi hizo za wafu, nikazipita.

Kampeni ya kifua kikuu ilinipa kadi za namna mpya, zenye matundu kandokando. Kila tundu lilikuwa swali. Jibu likiwa ndiyo, unakata tundu hilo mpaka ukingoni. Kisha unapitisha sindano ndefu katika tundu hilohilo la rundo zima, unainua, unatikisa: zilizokatwa zinaanguka, nyingine zinabaki zikining'inia. Wale ambao kadi zao zingeanguka kwa tundu la kutema damu wangepanda lori la daktari kwenda hospitali ya mjini. Nafasi zilikuwa kumi na mbili.

Straton aliigeuzageuza sindano mkononi. "Kaka, hii iko ya kudunga ao ya kushona?"

Mama Sidonie, aliyekuwa akingoja dawa ya minyoo, akacheka. "Leo anashona watu. Papa Straton, usinishone kinywa."

"Kinywa yako hata misumari haiwezi kuifunga, Mama."

Nami nikasema kwa kiburi, "Papa, kichwa husahau. Sindano haikosei."

Straton alikata matundu tangu asubuhi, polepole, akifuta jasho kama mtu anayelima. Binti yake Emérita alituletea maharagi na mihogo. Nilimsikia akikohoa nyuma ya nyumba, kikohozi kirefu. Nikaendelea kuhesabu kadi.

Alasiri Straton alipitisha sindano hiyo katika tundu la kutema damu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akainua, akatikisa. Zilianguka kumi na moja. Mimi nilipiga makofi. Yeye alibaki akizitazama zile zilizoning'inia. Kwa radio ya misheni nikamtangazia daktari, aliyekuwa Kitshanga: watu kumi na moja.

Asubuhi iliyofuata lori lilifika. Kwa kuwa nilisema kumi na moja, daktari alikuwa amempakia mwanamke mmoja wa Kitshanga, Anastasie, katika nafasi iliyobaki. Watu wetu walikuwa wamekwisha kupanda Straton alipokuja amemshika Emérita mkono. Binti alikuwa na furushi kichwani.

"Kaka, huyu naye anatema damu. Tangu Pasaka."

"Na kadi yake?"

"Niliiacha nzima. Miaka yote hii mukasi yangu inakata kadi za wafu. Ya mutoto yangu, mukono ilikataa. Nilisema nitakuambia na kinywa. Halafu wewe ulisema sindano haikosei, nikaona haya."

Nilimkimbilia daktari. Hakukasirika. Alimgeukia Straton mwenyewe. "Nafasi zimejaa, Papa, na lori lingine litakuja baada ya miezi mitatu. Nimshushe nani?"

Straton alikanyaga gurudumu, akapanda, akamshika Anastasie kifundo cha mkono. Akahesabu mapigo, midomo ikitembea, kama alivyofanya maisha yake yote. Akashuka.

"Huyu asishuke. Miezi tatu hatafika," alisema.

Lori liliondoka. Emérita aliinama kuchukua furushi lake, baba yake akamzuia, akajitwika yeye mwenyewe kichwani, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi. Wakashika njia ya mlimani kuelekea shamba la maharagi, baba mbele, binti nyuma. Kila Emérita aliposimama kukohoa, Straton naye alisimama, bila kugeuka, mpaka amalize.