Gego Lililoshuka Shingoni

Wazazi wangu, shikamooni. Na ninyi wadogo zangu mlioshika mashavu hapo mbele, hamjambo? Naitwa Devota. Nimeombwa niseme kidogo wakati madaktari wa meno wanapanga vifaa vyao. Nitasema, na sitalainisha kitu, maana yaliyonipata hayakuwa laini.

Nimekulia Bombambili, hapa hapa Songea. Nilikuwa mtoto wa mahindi ya kuchoma na kelele nyingi. Baba alishafariki, tulikuwa tunaishi kwa baba mkubwa, kaka yake, na neno lake ndilo lilikuwa la mwisho nyumbani. Miswaki tulikuwa nayo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutuangalia mdomoni. Hospitali tuliijua kwa malaria tu.

Nikiwa darasa la tano, gego la chini upande wa kulia likatoboka. Mwanzoni liliuma nikinywa maji baridi. Baadaye hata hewa ikipita, linauma. Mama alinisagia karafuu. Jirani akaleta tumbaku, nikaishindilia kwenye tundu mpaka nikatapika. Nikilia, baba mkubwa anasema, "Jino haliui mtu. Nyamaza, kachote maji."

Siku moja likaacha kuuma, tukafurahi. Kumbe lilikuwa limekufa, na uozo ulikuwa unashuka kwenye taya.

Shavu likavimba. Kisha chini ya kidevu pakawa pagumu kama ubao. Mdomo ukakataa kufunguka, hata kijiko cha uji hakipiti. Kumeza siwezi, mate yananichuruzika kama mtoto mchanga, na harufu yake niliisikia mwenyewe. Ulimi ulikuwa umesukumwa juu. Nikilala chali nakosa pumzi, kwa hiyo nilikaa tu, nimeegemea ukuta.

Wiki hiyo madaktari wa meno walikuwa shuleni kwetu wanatibu watoto bure, kama hivi leo. Baba mkubwa akakataa.

"Hao wanakuja kujifunzia kwenye midomo ya watoto wa maskini," alisema. "Apelekwe Lusewa. Kuna mzee kule anatoa uvimbe kwa mizizi."

Mama yangu hakuwahi kumjibu shemeji yake hata mara moja. Siku ile alisimama.

"Shemeji, nakuheshimu. Lakini huyu nimemzaa mimi, na Lusewa ni mbali, hafiki akiwa hai."

Akanifunga mgongoni kwa kitenge, msichana mkubwa mimi, miguu inaning'inia, tukatoka kwenda shuleni.

Foleni ilikuwa ndefu. Daktari mmoja, dada mfupi mwenye sauti kubwa, aliniona akaja mwenyewe. "Fungua mdomo." Sikuweza. Akabonyeza chini ya kidevu, akageuka kwa mama.

"Mama, huyu simtibu hapa."

Mama akaanza kulia, akidhani tumefukuzwa.

"Nisikilize. Usaha umeingia shingoni. Ukiziba njia ya hewa tutampoteza. Tunakwenda hospitali sasa hivi, na mimi naenda naye."

Tulipanda gari lao. Hospitali walinichoma sindano za ganzi, wakanichana hapa chini ya taya. Nilihisi kitu cha moto kinateremka shingoni. Ulikuwa usaha, na ulinuka chumba kizima. Wakaling'oa na lile gego, wakaacha kimpira cha kutolea uchafu uliobaki. Hapo ndipo nilipopumua. Nilivuta hewa mpaka muuguzi akacheka. "Polepole, haiishi," akasema.

Kupona nako kulikuwa kazi. Taya ilikuwa imekakamaa. Yule daktari alinipa vijiti vya kukandamizia ulimi, nivipachike katikati ya meno, na kila nikizoea niongeze kingine. Machozi yalinitoka.

"Navichukia vijiti vyako," nilimwambia.

"Vichukie, ila vipachike."

Baba mkubwa alikuja wodini na chupa ya uji. Akaiweka kando ya kitanda, akauliza, "Mdomo unafunguka?"

"Unafunguka, baba mkubwa. Na utasema."

Basi ndiyo nasema. Shangazi yangu alitaka nifunike kovu hili kwa kitambaa, eti nitakosa mume. Sikufunika. Mume nimempata, na kovu analiona kila siku.

Asubuhi hii kuna baba ameniambia pale getini kwamba meno ya utoto yatang'oka yenyewe, ya nini kupoteza muda. Nikamwambia, weka kidole chako hapa shingoni kwangu. Akaweka. Sasa hivi yuko kwenye foleni na binti yake. Simtaji, asante sana baba.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari, na mama yangu aliyeketi pale nyuma, ambaye siku moja tu aliamua kutokuwa mpole. Wazazi, wafungueni watoto midomo mwangalie, hata kama hawajalia. Wapigisheni mswaki kwa dawa ya meno kabla hawajalala. Shavu likivimba, msingoje lipungue lenyewe, na tumbaku achaneni nayo. Na mtu asiwaambie kwamba cha bure ni cha kuonea haya. Mtoto wa Bombambili akiumwa jino, anaumwa sawasawa na mtoto wa waziri, na ana haki ile ile ya kutibiwa.

Haya, naona kiti kiko tayari. Nani anaanza?