Ukili Uliorudishwa Kongowe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo hamu ya kula inaniisha. Nataka uijue kabla hujaolewa, tena uisikie kwangu mimi mama yako mkubwa, kwa sababu wengi waliokuwepo wametangulia mbele ya haki, na waliobaki hawapendi kuizungumza. Kaa vizuri. Hiyo simu iweke chini kidogo, anayekutafuta atakutafuta tena.

Ilikuwa hapa hapa Msimbu, uwanjani kwa bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa ndiye mama yangu. Kitinda mimba ni Rukia, aliyemzaa mama yako, bibi yako wewe. Dada yangu Asha alikuwa amechumbiwa na mahari imeshatolewa, na siku hiyo wanawake wa ukoo tulikusanyika kumshonea mkeka.

Najua nyinyi mkeka mnauona umeshakunjwa kando ya barabara unauzwa, kwa hiyo ngoja nikueleze. Ukindu unakatwa bondeni, unaanikwa, unachemshwa na rangi, halafu unachanwa vipande vyembamba. Kwanza unasuka ukili, yaani utepe mrefu wa upana wa kiganja, unauviringisha kadiri unavyoendelea. Kili zikitimia zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unatokea. Kwetu sisi mkeka wa bibi harusi hausukwi na mtu mmoja. Kila mwanamke wa ukoo anasuka ukili wake nyumbani kwake, kwa wakati wake, na siku ya kushona anakuja nao kwapani. Bibi alikuwa akisema mtoto akilala juu ya mkeka ule, amelala juu ya mikono ya mama zake wote. Mimi nilikuwa mwari tu wakati huo, lakini ukili wangu ulikuwemo, umepinda kidogo na kila mtu aliuona ulivyopinda. Bibi aliushona hivyo hivyo.

Rukia alikuwa akiishi Kongowe, ile ya Kibaha, usije ukaichanganya na ya Dar. Alikuwa mpishi wa shule moja huko. Anatoka nyumbani giza halijaachia ili watoto wa watu wapate uji, anarudi jioni miguu imevimba. Na miezi ile mtoto wake mchanga alikuwa mtu wa kulazwa na kutolewa, leo homa, kesho kifua. Mtoto huyo ndiye mama yako. Siku hiyo Rukia alikuja amembeba mgongoni, mtoto amekonda mpaka kichwa kinaonekana kikubwa.

Alipofika, Bibi alikuwa ndani anaswali adhuhuri. Rukia akatusalimia, akamkabidhi ukili wake mke wa mjomba aliyekuwa na sindano, naye bila kuuliza akaanza kuushona mahali pake. Kila mmoja wetu aliona. Ulikuwa na waridi kali la kung'aa, na sisi tulikuwa tumekubaliana zambarau na kijani peke yake. Waridi lile lilikuwa la wale wasukaji wa sokoni Kisarawe. Tuliona, tukaendelea kuchambua ukindu kana kwamba hatuna macho.

Bibi akatoka. Akasimama juu ya mkeka, msala bado uko mkononi.

"Shikamoo, Mama," Rukia akasema.

"Marahaba. Huu umesuka wewe?"

"Hapana, Mama. Nimenunua. Mtoto alikuwa kalazwa, na mimi jikoni najua nilivyotoka. Nikaona kuja mikono mitupu ni aibu zaidi."

"Sikukuuliza habari za jikoni, Rukia. Nakuuliza mkono wako uko wapi kwenye mkeka wa mtoto wa dada yako."

Bibi akakaa chini, akachukua kisu, akaanza kukata uzi. Alifumua polepole, pindo kwa pindo, ili asiharibu kili za wengine. Sisi tumekaa tunamtazama. Mama yangu, ambaye neno lake moja lingetosha kumzuia, aliinamia sindano yake kama vile ndiyo kwanza anajifunza kushona. Ukili ulipotoka wote, Bibi akauviringisha vizuri, akauweka mapajani kwa Rukia.

"Rudi nao Kongowe. Hapa hatushoni vitu vya sokoni."

Rukia hakulia. Hilo ndilo lililonitisha, maana alikuwa mtu wa machozi ya karibu tangu utoto wake, hata sinema ilikuwa ikimliza. Alimkaza mtoto mgongoni, akauweka ukili kwapani, akasema kwaherini, akashika njia ya barabarani. Kisamvu kilikuwa kimeiva, hakuonja. Mjomba alimkimbilia mpaka kwenye kona, akarudi peke yake.

Sasa usije ukamwona Bibi alikuwa mtu mbaya. Wewe hukumjua. Bibi alikuwa wa kuvua khanga akampa mgeni, akabaki na ya kutokea chooni. Alikulia katika ufukara ambao mtu hana cha kumpa ndugu yake isipokuwa alichokitengeneza mwenyewe, na aliona ule ukili wa kununua ni mlango unafunguliwa, leo Rukia, kesho wote, mpaka siku moja mtoto wa ukoo aolewe na hakuna mkono wa mtu kwenye mkeka wake. Aliyoyaona yalikuwa kweli. Yametimia yote, na ukitaka ushahidi nitazame mimi. Lakini ukweli wake ule haukutusaidia kitu, na mimi mpaka nazeeka sijapata wa kunieleza kwa nini.

Mkeka ukawa mwembamba. Hapakuwa na muda wa kusuka ukili mwingine, harusi ilikuwa imeshafika mlangoni. Asha alipopelekwa kwa mumewe, mawifi waliutandika mbele ya watu, wakatazamana, mmoja akauliza, "Huu mkeka au msala?" Watu wakacheka. Asha naye akacheka nao, dada yangu wa watu, kisha akanivuta uani akanilalia begani, akalia mpaka wanja ukaniharibia gauni. Kilichomliza si upana wa mkeka. Alikuwa akiuliza mama mdogo Rukia yuko wapi.

Ikapita kama miaka miwili. Rukia haji Msimbu, Idi haji, msiba haji, anatuma salamu tu kwa watu. Siku moja nikamkuta Bibi kibarazani anasuka ukili wa zambarau na kijani, na hakuna mtu anayeolewa. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, anapapasa kila unyuzi kwa vidole kabla ya kuupitisha. Nikamuuliza wa nani. Ulipokwisha ndipo akaniita, akaniambia niupeleke Kongowe.

"Mwambie nimemsukia. Mwambie aje nao, nitasuka na nyingine, tumshonee mtoto wake mkeka. Tutashona mimi na yeye."

Hilo ndilo lililokuwa ombi la msamaha, mwanangu. Watu wa enzi ile hawakujua kusema samahani kwa watoto wao. Walikuwa wanasuka.

Nikaenda. Rukia alinipokea vizuri sana, akanichemshia chai, akanitengea maandazi, mama yako akiwa anacheza chini ya meza, amenenepa sasa, ana mashavu. Nikautoa ukili, nikasema niliyotumwa. Rukia akaupokea kwa mikono miwili. Akaunusa. Akaupitisha vidoleni kutoka mwanzo hadi mwisho, nami nikajisemea moyoni, Alhamdulillahi, yameisha. Kisha akauweka juu ya kabati, akakaa.

"Mwambie Mama nimeupokea," akasema. "Mwambie mimi kwangu simrudishii mtu alichoniletea."

"Na kuja, mama mdogo?"

"Kunywa chai yako, itapoa."

Nilifikisha kama nilivyopewa. Bibi akaniuliza, "Kasema hivyo?" Nikasema ndiyo. Akasema basi sawa. Ukindu aliokuwa ameuanika ukabaki unaning'inia jikoni, moshi ukaupiga, mchwa wakaumaliza, na hakuna aliyethubutu kuutupa wala kuugusa. Kutoka hapo Bibi hakusuka tena. Alikuwa akikaa na mikono imelala mapajani, na ukimpa hata mchicha achambue anakuambia mpe mwenzako.

Alipofariki, Rukia alikuja. Alifika jeneza limeshatoka uani, wanaume wako njiani kwenda makaburini. Akakaa mkekani na wanawake wengine kama mgeni wa mbali, akapewa chai kama mgeni wa mbali. Yeye na mama yangu, ndugu wa tumbo moja, wakapeana pole kama majirani waliokutana kisimani. Hivyo ndivyo walivyobaki mpaka nao wakaondoka, mmoja baada ya mwingine. Hawakugombana hata siku moja. Ingekuwa ugomvi wangeusuluhisha.

Mkeka wa ukoo haukushonwa tena. Mimi mwenyewe niliolewa na mkeka wa kununua, una waridi kama lile lile, na hakuna aliyesema neno, maana wa kusema alikuwa kaburini. Asha alijaribu kuwakusanya wanawake mara moja, kila mmoja akasema atakuja, akakaa na sufuria la pilau mpaka likakauka. Leo mkiwa na shughuli mnafungua kikundi kwenye simu, mnachanga, mnanunua godoro. Silikatai godoro, nalilalia. Lakini vidole vyangu hivi, unavyoviona vilivyokakamaa, ndivyo vya mwisho katika nyumba yetu vinavyojua kuanza ukili, na hakuna aliyewahi kuniomba nimfundishe. Usiniambie utajifunza. Unaniambia kwa sababu unanihurumia.

Ehe, sasa nije kwako, maana hukuitwa hapa kuja kusikiliza habari za marehemu tu.

Tangu posa yako ijibiwe, mama yako amekuwa akikufumia vitambaa vya makochi. Anatoka kazini, anakaa na sindano na uzi, na miwani yake ile ya kufungwa na kamba. Vyeupe vyote, na kingo za samawati, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulipenda samawati. Juzi akakukabidhi. Nawe ukacheka, ukamwambia, "Mama, siku hizi nani anaweka vitambaa? Makochi yangu ya kisasa." Ukaufunga mfuko, ukauacha mezani kwake Kibaha, ukaondoka. Najua hukuwa na nia mbaya. Mambo yote ya nyumba hii yamefanywa na watu wasiokuwa na nia mbaya.

Jana asubuhi mama yako alinipigia. Hakukushitaki, hata jina lako hakulitaja. Aliniuliza kama uzi uliokwisha kufumwa ukifuliwa unanyooka. Nikamuuliza anautakia nini. Akasema anavifumua, maana uzi wenyewe mzuri, kuuacha ukae bure ni hasara. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Niliijua sauti ile, niliisikia Kongowe nikiwa msichana, ikiniambia ninywe chai.

Bibi alimrudishia mtoto wake kitu kwa sababu hakikutoka mkononi. Wewe umemrudishia mama yako kitu kwa sababu hakikutoka dukani. Sasa mimi niambie, watu wa ukoo huu wapeane nini? Nimeliwaza swali hilo usiku na mchana, nimechoka nalo. Kuna wakati naona bora kila mtu akae na vyake mpaka tuishe.

Lakini wewe ni mtoto na mimi ni mzazi, haifai nikuache na maneno hayo. Nasaha yangu ni hii. Ukiletewa kitu na mtu wa damu yako, kipokee, ukitandike, ukitumie na macho yake yanaona, hata kama rangi yake inakukera. Usiangalie kama ni cha mkono au cha duka, muulize aliyekileta amepitia wapi mpaka kukipata. Ukiwa na la kumsema, msubiri mbaki wawili, tena siku nyingine, siyo siku aliyokuja na kitu mkononi. Na ukiona mkubwa wako anamrudishia mtu mbele ya watu, usiinamie sindano. Sema, hata kama wewe ni mdogo, hata kama utafukuzwa na wewe. Halafu usijidanganye kwamba utakosea leo utengeneze kesho kwa zawadi nzuri zaidi. Bibi alijua kusuka kuliko sisi sote na alishindwa.

Kwa hiyo usilale hapa. Nenda Kibaha leo hii, magari bado yapo. Usimnunulie kitu njiani. Ukifika msalimie, umwambie umefuata vitambaa vyako. Akikuambia hakuna haja, usiondoke. Akikuambia unywe chai, kunywa, halafu mwombe tena. Sikuahidi kwamba atakupa. Yule ni mtoto wa Rukia, na mimi nimemwona Rukia.

Haya, inuka, nikushike kichwa. Mungu akufikishe salama, mwanangu. Akupe ndoa yenye kheri na watoto watakaokuja kwako bila kuitwa. Na mama yako amlegeze mikono asiwe na haraka, akujalie umkute bado kuna hata kimoja ambacho hajakifumua.