Shujaa Aliyeenda Kuchunga Mbuzi

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili nilikuwa nimemaliza darasa la nane, niko nyumbani Kitengela, na ndoto yangu ilikuwa moja tu: kushona nguo. Fundi mmoja wa kanisani kwetu alikubali kunifundisha bure kila alasiri, kuanzia Jumatatu. Lakini alinionya, "Uje peke yako. Mtoto na pasi ya makaa hawakai chumba kimoja."

Mtoto mwenyewe alikuwa ndugu yangu wa mwisho, wa miaka minne. Mama alitoka alfajiri kwenda kiwandani Athi River, kwa hivyo kutwa nzima mtoto alikuwa wangu. Tulimpeleka nasari, azoee kukaa bila mimi. Siku tatu mfululizo mwalimu alinirudishia mtoto kabla ya saa nne, akiwa amelia mpaka shati limelowa. Alikuwa anamtaka Shujaa.

Shujaa mama alimtoa kwenye rundo la mitumba. Alikuwa mtu wa plastiki, mfupi, mnene, wa kuchezewa na watoto wadogo kabisa: miguu kama vinu, hakuna kipande cha kung'oka kikamezwa, na joho jekundu la kitambaa mgongoni. Ngumi yake ilikuwa juu, lakini alikuwa anatabasamu. Nilimpenda kwa hilo. Alikuwa kama mtu anayeenda vitani huku akikumbuka kwamba kwao wamepika chapati.

Nasari hawakutaka vidoli. Alhamisi nikamficha Shujaa ndani ya debe la unga. Mtoto akagoma kuvaa hata soksi.

Ijumaa asubuhi kilio kilimleta jirani yetu, nyanya wa Kimaasai aliyefuga mbuzi nyuma ya ploti. Sote tulimwita Koko, yaani nyanya kwa lugha yao. Alimkuta mtoto amemkumbatia Shujaa, niliyekuwa nimemtoa debeni, na amekataa kumwachilia.

"Ero, kijana, huyu ni nani?"

"Shujaa. Anaokoanga watu."

"Ameokoa nani?"

Mtoto akafikiri. "Bado."

"Na iko na miguu mzuri hivi! Kwa nini inakaa tu kwa nyumba? Kwetu shujaa anachunga mifugo. Lete, iende kazi. Wewe enda shule."

Akamtemea Shujaa mate kidogo kichwani, kisha mtoto naye, vile wazee wao hubariki. Ndugu yangu hakupangusa. Alimkabidhi Shujaa kwa mikono miwili, akaenda nasari macho makavu.

Saa sita kasoro nikapita kwa Koko nimchukue Shujaa. Zizi lilikuwa tupu. Koko alikuwa amemfunga kwa kamba shingoni mwa mbuzi, na mbuzi wameshaelekea upande wa Kisaju na mchungaji wao.

"Koko! Na akipotea?"

"Mbuzi yangu imewahi kupotea?"

Kabla sijajibu, ndugu yangu akatokea na mkoba wake. Alikuwa amekaa nasari mpaka mwisho! "Shujaa ako wapi?"

Nikaiona Jumatatu yangu ikinitoroka.

"Ako kazi," Koko akasema.

"Atarudi saa ngapi?"

"Mama yako anarudinga saa ngapi?"

"Jioni."

"Haya basi."

Na mtoto akaenda kula githeri yake. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Jioni vumbi likaja, na mbuzi ndani yake. Shujaa alikuwa ananing'inia kichwa chini, nusu ya joho imetafunwa. Nikajiandaa kwa kilio.

"Amepigana!" ndugu yangu akapiga kelele. "Dada, ona! Amepigana!"

Koko akamsikiliza mchungaji, kisha akakaa chini ampe mtoto habari kamili, vile watu wake hupeana bila haraka: nyasi zikoje, maji yakoje, mbuzi gani anachechemea, mbwa wa nani amebweka. Mtoto akaitikia kila neno, "Ee." Kisha akatoa zake: uji ulikuwa moto, mtoto fulani alikojoa kwa kiti, bembea iko na foleni. Koko naye, "Ee. Ee."

Jumatatu ndugu yangu alimfunga Shujaa kwa mbuzi yeye mwenyewe, akaenda nasari. Mchana, baada ya chakula, nilimpeleka kwa Koko akae naye mpaka jioni, nikiwa nimeshika kitambaa na sindano zangu. Mtoto akanitazama juu mpaka chini.

"Na wewe unaenda kazi?"

"Naenda kujifunza."

"Jioni utanipatia habari?"

"Yote."

"Basi enda, utachelewa."

Nikatoka mbio, nikicheka barabarani peke yangu.