Dirisha la Upande wa Mji

Siku yangu ya kwanza katika Jumba la Tarnley nilifika na ndoo yangu mwenyewe na chupa ya sabuni, kwa sababu nilidhani nimeajiriwa kusafisha. Mkuu wa Usafi alinipokea kwenye mlango wa nyuma, ule uliokuwa wa watumishi zamani. Alikuwa mama wa Kisikh, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi, kisha akasoma jina langu kwenye beji.

"Moraa. Wewe ni Mkisii," akasema kwa Kiswahili.

Nikaiweka ndoo chini.

"Nimezaliwa Kisumu, usishangae sana, kazi inangoja. Hiyo ndoo rudisha ulikoitoa. Humu ndani hatumwagi maji."

"Na vumbi tunalitoaje?"

"Polepole. Kama unamchana nywele mtoto mchanga."

Huyo ndiye Mama Kulwant, na mengi ninayoyajua juu ya kazi ya kutunza nyumba za kale nimeyapata kwake. Kabla yake nilikuwa nimepita kazi nyingi. Niliacha shule darasa la saba, nikauza mitumba Kisii, nikafua mashuka hotelini Nairobi, nikaja Birmingham, Uingereza, kuhudumia wazee, nikachoka, nikafunga vifurushi katika ghala moja la mtaa wa Washwood Heath, nikachoka tena. Nilipoona jumba linatafuta wafanyakazi niliomba, si kwa mshahara, bali nilitaka kuona matajiri wa zamani walikuwa wanalala wapi.

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mtapewa vyombo vya kisasa, lakini njia ni ileile. Mkono mmoja unashika brashi ya nywele laini za mbuzi, mwingine unashika mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi, na mdomo huo umefungwa wavu. Unasukuma vumbi kuelekea kwenye mdomo bila kugusa kitu kwa nguvu. Kipande cha rangi au dhahabu kikibanduka, wavu unakidaka, nacho kinarudishwa kwa fundi. Brashi ya kufutia mbao haiendi kwenye shaba, wala ya kufutia shaba kwenye vyombo vya udongo. Niliwahi kuzichanganya, na Mama Kulwant akaniuliza kama nyumbani kwangu mswaki mmoja unatumiwa na ukoo mzima.

Nilianzia chini, jikoni na katika ukumbi wa chakula. Kisha nikapelekwa maktaba chini ya Mtunza Vitabu, mzee aliyesalimia vitabu vyake asubuhi na kutusahau sisi. Hatimaye nikapandishwa ghorofani, kwenye vyumba vya kulala, na huko nikajifunza kwamba vumbi si kitu. Kinachoua nguo ni mwanga. Hariri ikipigwa na jua hupauka, kisha hukatika kama karatasi kavu. Kwa hiyo kila chumba kina mgao wake wa mwanga kwa mwaka. Kuna kifaa kinachoupima, na mgao ukiisha, milango ya mbao iliyo upande wa ndani wa madirisha hufungwa mpaka mwaka mwingine.

Familia ya Tarnley nitaieleza kwa kifupi, maana wageni huuliza. Ardhi yao ilianzia jumbani ikashuka hadi mahali palipo leo mtaa wa Saltley. Waliiuza kipande kwa kipande: kwanza pakajengwa nyumba za wafanyakazi zilizoshikana ukuta kwa ukuta, baadaye viwanda, mwisho hata shamba la ng'ombe likaenda. Jumba lilipowashinda walilikabidhi kwa wadhamini, kwa sharti kwamba wenyewe waendelee kuishi katika vyumba vichache vya juu. Nilipofika mimi alikuwa amebaki mmoja tu, Bi Tarnley, mzee ambaye hakuwahi kuolewa, aliyetembea kwa kuegemea fremu ya chuma na kumjua kila mfanyakazi kwa jina.

Chumba chetu cha fahari kilikuwa cha marehemu mama yake. Kilikuwa na kitanda chenye mapazia ya hariri nyekundu, nyekundu kiasi kwamba wataalamu walisafiri kuja kuitazama. Tuliwaambia wageni kwamba yule mama alikuwa na busara kupita wakati wake, kwani dirisha la magharibi, linalotazama mji, hakuliruhusu lifunguliwe maisha yake yote. Nasi tukaendelea kulifunga.

Bi Tarnley alipofika umri wa kushindwa na ngazi, mpwa wake alimtafutia makao ya wazee kule Moseley. Kabla ya kuhama alimwomba Meneja wa Jumba jambo moja: akae katika chumba cha mama yake asubuhi moja, dirisha la magharibi likiwa wazi. Nilikuwa kwenye korido na brashi yangu, nikasikia yote.

"Bi Tarnley," Meneja akasema kwa upole, "mgao wa mwanga wa chumba kile umekwisha mwaka huu."

"Na mimi nimekwisha," akajibu. "Nilizaliwa mle ndani, Meneja. Sijawahi kuona kilicho nje ya dirisha lile."

Meneja alikuwa mtu mwema, lakini hariri ile ikipauka ni yeye ambaye angeulizwa. Akaja kwa Mama Kulwant akiwa amekunja uso.

"Tukilaze kitanda mapema," Mama Kulwant akamwambia. Kila mwanzo wa baridi jumba likifungwa tunavifunika vitu vyote kwa vitambaa vizito vya pamba. Hiyo ndiyo tunaita kulaza. Kitanda kikifunikwa vizuri, jua halikipati.

"Lakini basi hataiona hariri."

"Kwani amesema anataka hariri?"

Meneja akakubali, na siku ya kuhama ikafika. Mpwa alikuwa chini na gari, sanduku zimekwisha kupakiwa. Tulikuwa tumekifunika kitanda, tukamkalisha Bi Tarnley kwenye kiti mbele ya dirisha, kisha mimi na Mama Kulwant tukaivuta milango ile ya mbao. Ukaingia mwanga wa rangi ya chai. Hatukuona kitu. Sisi tuliokuwa tukifuta mguu wa kiti kwa nywele za mbuzi, hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria upande wa nje wa kioo kile. Masizi ya viwanda vilivyokufa zamani yalikuwa yameganda pale, na juu yake ukungu wa kijani.

"Ndivyo mji ulivyo?" Bi Tarnley akauliza.

"Hapana, mama. Huo ni uchafu wetu," Mama Kulwant akasema.

Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema ngazi haitumiki nje bila kibali, na kibali hakitoki siku hiyo. Mpwa akaita kutoka chini kwamba wanachelewa.

"Mwambieni anywe chai," Bi Tarnley akasema. Hakuondoa macho kwenye kioo.

Mama Kulwant akachukua kisu chembamba, akakata rangi iliyogandisha fremu ya dirisha. Meneja akavua koti. Dirisha lile hufunguka kwa kupandishwa juu, naye akalisukuma mpaka shingo ikawa nyekundu kuliko hariri, na dirisha likapanda kidogo, kiasi cha bega langu kupita. Nikatoa mkono nje na kitambaa kilicholowa, nikasugua nilipofika, Mama Kulwant amenishika kiuno.

"Ukianguka itabidi niandike ripoti," akaninong'oneza, "na mimi kuandika sipendi."

Nilipata sehemu yenye ukubwa wa sinia. Ilitosha. Bi Tarnley akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaanza kuniuliza, nami nikamjibu, kwa kuwa kule kote nilikuwa nimepita nikitafuta kazi. Zile paa zilizopangana ni Saltley. Palipo na pilikapilika ni Alum Rock Road, vitambaa na maembe. Zile winchi ndefu ziko Washwood Heath, palipokuwa na kiwanda cha magari; sasa panajengwa karakana ya treni za kasi.

"Na wewe unakaa wapi?"

"Nyuma ya kuba lile la msikiti, kushoto."

Akaliangalia kwa muda mrefu.

"Mama hakulifunga kwa ajili ya hariri," akasema. "Alisema mji mzima unatutazama."

"Bi Tarnley," nikamwambia, "watu walikuwa kazini."

Mabega yake yakatikisika. Sikujua kama anacheka mpaka aliponishika mkono. Alikaa pale mpaka chai ya mpwa ikaisha na nyingine ikamiminwa, kisha akasema anaweza kwenda.

Nilifanya kazi jumbani miaka mingine kadhaa, chini ya mameneja wawili zaidi, mpaka magoti yakakataa zile ngazi. Hariri ingali nyekundu. Mkiulizwa sababu, waambieni wageni zote mbili, ile tuliyokuwa tukiisema na ile aliyoisema yeye.

Sasa niko Saltley mchana kutwa, na kwa udadisi wangu nimepanda hadi dirisha la juu kabisa la nyumba ninayokaa nikalitafuta jumba. Nimejaribu wakati wa baridi, miti ikiwa haina majani. Kutoka huku halionekani.