Aliyeisifu Chupa Bila Kuifungua

"Elfu thelathini na tano yangu! Mbona mpunga wangu umebaki vilevile?"

Mama mkulima kutoka Idete alimnyooshea simu binti wa duka la pembejeo, Kibaoni. Binti ndiye aliyeandika mtandaoni: "Nimeitumia mbolea hii ya maji shambani kwangu, mpunga umenawiri balaa!"

Ndipo binti akakumbuka salamu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shamba lako liko wapi?"

"Sina, mama. Wenye mbolea walinipa chupa ya bure, wakaniomba niisifu."

Akaishusha rafuni. Kizibo hakijawahi kufunguliwa!

Mimi niliyekuwa pale dukani nikisubiri kuhudumiwa, damu ilinichemka. Huku kwetu mnunuzi huing'ata punje ya mpunga, ajue kama umekauka, ndipo ataje bei, na muuzaji hanuni. Najivunia bonde letu la mpunga lenye biashara ya namna hiyo. Sifa ya mtandaoni utaing'atia wapi?

Binti akarudisha hela yote. Mama akaifunga kwenye khanga, lakini hakuondoka.

"Bado unanidai, mama?"

"Nakudai. Wenzangu bado wanasoma. Andika palepale: nilipewa bure, sijaifungua. Andika sasa hivi, nione."