Majivu na Dodoki

Gari jeusi halifichi kitu. Kila mtu aliniambia hivyo nilipolinunua, na kwa kuwa mimi ni mbishi, nikalipenda zaidi. Ni gari dogo, lilishatumiwa na wengine kabla yangu, lakini rangi yake ilikuwa bado nzito. Mimi ni mshona mapazia hapa Singida mjini, mtu wa kupeleka kitambaa mlangoni nikaukague weusi wake kwenye mwanga, kwa hiyo weusi mzuri nikiuona naujua. Wiki za mwanzo nilikuwa natoka dukani bila sababu yoyote, naenda kulitazama tu.

Asubuhi moja, jua likiwa limeshapanda, nikaona kwenye boneti kitu nisichokielewa. Mikwaruzo myembamba, mingi, imejipanga kwa miduara, mmoja ndani ya mwingine, na katikati yake ule mng'ao wa jua. Nikasogea kushoto. Miduara ikanifuata. Nikarudi kulia, ikarudi nami. Nikalizunguka gari zima, futi yangu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, na kila nilipolikuta jua kwenye bati niliikuta miduara imelizingira. Mwanamke wa duka la pili akaniuliza kama nimepoteza funguo.

Mwingine angekasirika kwanza. Mimi hasira ilikuja baadaye. Kwanza nilitaka kujua. Nani amechora miduara kwenye gari langu, na amewezaje kuifanya itembee?

Nusu ya jibu nilikuwa nayo. Gari lile lilioshwa na mtu mmoja tu, mama yangu mzazi.

Mama aliletwa kwangu kutoka kijijini kwetu Kinyangiri, Mkalama, baada ya kuanguka na ndoo ya maji, akavunjika mguu, akawekewa chuma. Daktari alisema asiishi tena peke yake, na asionekane kisimani. Mama aliitikia kwa adabu zote, akaja na mzigo mmoja uliofungwa kwa kitenge chake kikuukuu, akauweka kwenye kona ya chumba nilichomwandalia. Kabati nililomnunulia hakuligusa. Kila asubuhi alifungua fundo, akatoa nguo ya siku ile, akafunga tena. "Mguu ukikaa sawa tu," alikuwa anasema, "narudi kwangu."

Shida ni kwamba kazi zote anazozijua ni za kuinama. Kufua, kufagia uwanja, kuosha vyombo kwenye beseni. Mguu ulikataa, na yeye akakataa kukubali kwamba umekataa. Siku moja nilimnyang'anya ufagio. Jioni ile nilimkuta amekaa kitandani, mzigo mapajani, akauliza basi la Mkalama linaondoka saa ngapi. Ilinichukua maneno mengi na chai nyingi kumrudisha.

Kisha akaligundua gari. Gari unaliosha umesimama. Mkono mmoja unaegemea paa, mwingine unafanya kazi. Tangu aanze kuliosha alikuwa anaamka kabla yangu, anaimba nyimbo za kwaya za ujana wake, na mara kwa mara ananisema kwamba nalirudisha chafu makusudi. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini sikumwambia moja kwa moja, mama, unaliharibu. Kumnyang'anya gari kungekuwa kumrudisha kisimani kwa mkono wangu.

Kesho yake nilichungulia dirishani nione anavyofanya. Ndoo moja, sabuni ya unga, na dodoki kavu alilokuja nalo kutoka kwenye ua wa nyumba yake. Pembeni, juu ya kigoda, kibakuli cha majivu. Majivu yenyewe alikuwa ameyachekecha kwa kipande cha bitana kutoka kwenye mabaki yangu ya kushonea! Nikaelewa, nikashika mdomo nisicheke. Kwetu sufuria husuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ing'ae, kisha huanikwa kichanjani ili anayepita njiani aone hii ni nyumba ya mwanamke wa namna gani. Mama alikuwa ananipa heshima hiyohiyo mbele ya majirani zangu. Mchanga aliuona mkali mno kwa gari la mwanawe, ndiyo maana akachekecha majivu.

Nikaenda kwa fundi wa rangi za magari. Alikuwa mwanamume mpole, ndevu zake zimeingia vumbi jeupe la polishi. Alilitazama boneti kwa muda.

"Hii siyo miduara, dada."

"Mimi naiona miduara."

"Unaiona, lakini haipo. Ni mikwaruzo midogo, imeenda kila upande, kwenye ile ngozi ya juu ya rangi, ile iliyo kama vanishi. Mwanga ukitua, unaiona ile tu iliyokaa vizuri kuuzunguka mwanga. Mingine yote ipo palepale, huioni."

Sikumwamini. Nikaliingiza gari kwenye banda lake, nikawasha tochi ya simu. Miduara ikaja kuizunguka tochi. Nikaisogeza, ikasogea. Nikaomba na simu yake, nikamulika zote mbili, na kukawa na miduara huku na miduara kule kwenye bati lilelile. Nilifurahi mno, fundi akabaki ananitazama. Nilikuwa nimesahau kwamba ni gari langu.

"Anayeliosha ni nani?" akauliza.

"Watu wa nyumbani."

Hakuchimba zaidi. Alinieleza kwamba vumbi letu la Singida ni mchanga uliosagwa, na ukilisugua gari kabla ya kulimwagia maji mengi, umeshakwaruza. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila mara, mchanga ubaki humo. Anza juu, malizia chini kwenye uchafu mwingi. Fanyia kivulini, maana maji yetu ya kisima yana chumvi, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe. Na wakati wa kukausha usiburute kitambaa: kitandaze, kibonyeze, kiinue.

"Na kitambaa kisiwe na pindo gumu," akaongeza. "Pindo linakwaruza."

Hapo ndipo nilipomwamini kabisa. Pindo nalijua.

Kuhusu kuondoa mikwaruzo, alisema mashine yake haifuti mkwaruzo bali huila ile ngozi ya juu mpaka iwe sawa na kina cha mkwaruzo. Ngozi ni nyembamba, ikiisha imeisha. "Nikikutolea leo, na nyumbani wakaendelea vilevile, utarudi, halafu utarudi tena, siku moja nitakukatalia." Tukakubaliana nirudi siku ya kliniki ya mama, anifanyie kwanza nusu ya boneti nione.

Njiani nilitunga namna kumi za kumwambia mama. Nilipofika nilikosa hata moja, nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikautoa juani. Miduara ile pale, imelizunguka jua. Mama akachechemea kutoka ndani kuja kuona nacheza na nini.

"Mama, tazama hapa. Sasa sogea."

Akasogea. Akasimama. Akasogea tena, fimbo yake ikigonga sakafu ya baraza.

"Inanifuata!"

"Na kwenye gari ipo."

Akaenda kwenye gari mwenyewe, akainama kadiri mguu ulivyomruhusu, akageuka na uso wote umefunguka. "Ni mkono wangu huo, mwanangu. Mpaka chuma kimekubali!"

Alifurahi, basi. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kumliwaza nikabaki nimeshika mfuniko.

Siku ya kliniki tulipitia kwa fundi. Mama alikataa kubaki kwenye benchi, akataka kuona. Fundi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaosha boneti kwa ndoo zake mbili huku akieleza tena kila hatua kama alivyonieleza mimi, akabandika utepe wa karatasi katikati, kisha akapitisha mashine upande mmoja polepole, akifuta, akimulika, akirudia. Alipoubandua utepe nilisogea karibu. Upande mmoja ulikuwa na ukungu kama kioo kilichoshikwashikwa. Upande wa pili ulikuwa mweusi kabisa, na jua ndani yake lilikuwa doa moja safi, halina kitu kando yake.

Mama alitazama upande huu, akatazama ule. Yeye si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Huku kuna nini?" akamuuliza fundi.

"Huku kumekwaruzwa, mama. Kuna mtu analisugua na kitu kikali. Nahisi dodoki, na kama majivu hivi." Maskini, hakujua anaongea na nani. "Huyo mtu mngemwambia aache."

"Wamwambie," mama alisema. Basi.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani. Kesho yake asubuhi nilimkuta barazani, amevaa viatu vya safari, mzigo umefungwa mafundo mawili.

"Nimekuharibia gari, nawe ulijua," alisema. "Ukanyamaza kama unaishi na mtoto. Nipeleke stendi."

Ningeweza kumbembeleza. Badala yake hasira ilipanda, ile niliyoiahirisha tangu siku ya miduara. Nilimwambia stendi tutakwenda, lakini siwezi kumsindikiza mama yangu na gari lenye vumbi watu wakatucheka. Nikaliegesha kwenye kivuli cha ukuta, nikatoa ndoo mbili, na sponji na sabuni ya gari nilizokuwa nimenunua, nikazipandisha ndoo juu ya viti, nikalimwagia gari maji, nikaanza kuosha huku machozi yananitoka. Niliogopa kweli. Nilimwona kisimani, peke yake, na mguu ule wa chuma.

Sikuwa naosha vizuri. Nilianzia mlangoni badala ya paa. Sponji ikaniponyoka, ikaanguka kwenye mchanga, nikaiokota, nikairudisha kwenye mlango.

"We!"

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama.

"Umeokota chini, unapaka gari? Hukumsikia yule fundi? Ndoo ya pili umeiweka ya nini, pambo?"

Alishuka ngazi ya baraza moja moja, akanipokonya sponji. Akaisuuza kwenye maji matupu, akaikamua, akaisuuza tena, akaikagua kila upande kama anavyochagua mawe kwenye maharage. Kisha akaegemea gari kwa mkono wa kushoto, akaanza kwenye paa. Kila neno la fundi alikuwa amelishika. Aliosha taratibu, hasugui, anapitisha tu, na alipofika chini kwenye magurudumu alinipa mimi sponji kuukuu maana kule ni kwa kuinama. Viti vile vilizipandisha ndoo sawasawa na kiuno chake, jambo ambalo sikulipanga, nilitaka tu nisiumwe mgongo.

Tulipomaliza kusuuza nikakumbuka kwamba kitambaa cha kukaushia sikununua. Maji yalikuwa yanateremka kwenye boneti, upande wenye ukungu na upande mweusi, na chumvi yetu naijua.

"Subiri," mama alisema, akapanda barazani, akabeba mzigo wake, akaingia ndani.

Alikawia. Nilianza kufikiri amekaa kitandani tena na mzigo mapajani. Kisha akatoka, mkononi ana kitenge kikuukuu, kimefuliwa miaka mingi mpaka maua yake yamebaki vivuli. Nilikijua kabla hajanifikia. Nilikuwa nimekiona kila siku kwenye kona, na fundo lake juu.

Akanyoosha ncha zake ili tukishike wawili. "Hiki laini," alisema. "Tandaza."

Sikutandaza kwanza. Nilipitisha kidole ukingoni, nikalikuta pindo, gumu, limeshonwa kwa uzi wa zamani mnene. Nikakimbilia wembe wangu wa kufumulia, nikakaa kwenye ngazi ya baraza, nikaanza kulifumua huku maji yanadondoka kutoka kwenye gari na mama amenisimamia kichwani, ananiharakisha.

"Mwanangu," akasema, anatazama gari, si mimi. "Lile kabati la chumbani, mlango wake unavutwa au unasukumwa?"